Fimbo ya Mbali Haiui Nyoka: Wanafunzi Wanaofundishana Kuzuia Ukatili wa Kingono

*Maandishi ya kipindi, kwa wasikilizaji na viongozi wa vikundi vya kusikiliza redio. Mwenye kikundi atafute maharage au kokoto kumi kabla ya kuanza. Maswali ya kujadili yako mwisho.*

(Muziki wa kipindi unasikika, kisha unapungua.)

 

Kabla sijaanza nina ombi. Leo tunazungumza juu ya ukatili wa kingono. Huenda wewe unayenisikiliza uliwahi kufanyiwa, au alifanyiwa mtu wa nyumbani kwako. Maneno haya yakikuumiza, si vibaya kuinuka, ukapunga hewa, ukarudi baadaye. Na kama mnasikiliza kwa kikundi, tukubaliane tangu sasa: hatutataja jina la mtu yeyote, wala hatutamlazimisha mtu kusimulia yaliyompata.

Haya, tuanze.

Kila mwaka vijana kadhaa kutoka kambini hupata nafasi ya kwenda chuo. Wapo wanaosomeshwa na ufadhili wa DAFI, ule ulioanza mwaka 1992 kwa fedha za serikali ya Ujerumani na kusimamiwa na UNHCR. Wapo wanaolipiwa na ndugu walio ng'ambo. Wapo wanaosoma kozi hapohapo kambini. Wote hao bado ni wachache. Lengo lililowekwa ni kwamba ifikapo mwaka 2030, vijana wakimbizi 15 katika kila 100 wawe wanasoma elimu ya juu. Ndiyo maana binti mmoja akiitwa chuo, majirani wote wanamsindikiza. Mama anauza hata kitenge chake kizuri ili nauli itimie.

Lakini siku ya kuagana, mzazi ana swali ambalo halitoki mdomoni: huko aendako, nani atamwangalia mwanangu? Anajua kwamba mjini hakuna shangazi wala mjomba. Anajua binti atapanga chumba kwa watu asiowajua. Kuna wazazi ambao swali hilo limewazidi, wakamzuia binti asiende. Barua ya chuo ikabaki ndani ya sanduku.

Leo nataka nikupe jibu moja la swali hilo. Halimalizi kila kitu, ila limejaribiwa mahali pengi. Mwanao ataangaliwa na mwanafunzi mwenzake, ikiwa mwenzake huyo amefundishwa la kufanya.

(Muziki mfupi.)

Mwelimishaji rika ni nani?

Rika ni watu wa umri mmoja, wanaoishi maisha yanayofanana. Mwelimishaji rika ni mwanafunzi aliyepewa mafunzo ili naye awafundishe wanafunzi wenzake. Anakaa nao katika bweni, anapanga nao foleni ya chakula, anajua lugha yao na utani wao. Mwanafunzi hatamwendea mhadhiri kumwambia kwamba jana usiku kuna mtu alimfuata hadi mlangoni. Atamwambia anayelala naye chumba kimoja. Basi huyo wa chumba kimoja ndiye tunayetaka awe na maarifa.

Mwelimishaji rika si polisi, si daktari, wala si hakimu. Kazi yake ni kuwafundisha wenzake maana ya ridhaa, kuwafundisha namna ya kuingilia kati mapema bila kujihatarisha, na kujua mahali pa kumpeleka aliyeumizwa.

Nimetaja neno ridhaa. Tulieleze vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Ridhaa ni kukubali kwa hiari yako, ukiwa na akili timamu, bila kutishwa, bila kushurutishwa, na ukiwa huru kubadili mawazo wakati wowote. Aliyelewa hawezi kutoa ridhaa. Aliyelala hawezi. Mtoto hawezi kabisa. Aliyenyamaza kwa hofu hajakubali. Aliyekula chakula chako au kulipiwa nauli nawe hajakuuzia mwili wake. Na aliyekubali jana hajakubali leo.

Tendo lolote la kingono lisilo na ridhaa ni ukatili. Kubaka ni ukatili. Kushikashika mtu kwenye msongamano ni ukatili. Kusambaza picha za mtu za faragha ni ukatili. Mhadhiri kudai ngono ili atoe alama ni ukatili, na katika sheria ni kosa. Tena wanaofanyiwa si wasichana peke yao. Wavulana nao hufanyiwa, na aibu huwafunga midomo hata zaidi.

Zoezi la maharage

Sasa tufanye zoezi. Weka maharage yako mbele yako. Nitakusimulia kisa cha binti tutakayemwita Furaha. Kisa hiki ni cha kutunga, asidhaniwe mtu yeyote. Kila nitakapofika mahali ambapo kuna mtu aliona jambo na angeweza kufanya kitu, nitakwambia uweke harage moja pembeni.

Furaha ana miaka 20. Ametoka kambini kwenda kusoma chuo kilicho katika mji wa mbali. Wiki ya kwanza hajui ofisi ya usajili iko wapi. Kitambulisho chake cha ukimbizi kinawashangaza makarani, wanamwambia nenda, rudi kesho. Anatokea kijana wa mwaka wa tatu, mchangamfu, anayejulikana chuoni. Anampangia foleni, anamlipia kivuli cha vyeti, anamtafutia chumba. Furaha anashukuru, na ana haki ya kushukuru. Wema si kosa, na si kila mwema ana la kuficha.

Jioni, kijana yule yuko na rafiki zake watatu. Anawaambia, "Yule mgeni ni wangu, mtu asimguse." Rafiki zake wanacheka. Weka harage la kwanza.

Wiki ya tatu, picha ya Furaha inatumwa katika kundi la WhatsApp la darasa, na chini yake maneno machafu. Watu zaidi ya 60 wanaiona. Baadhi wanaweka alama za kucheka, waliobaki wananyamaza. Weka harage la pili.

Wiki ya tano, simu zinaanza kuingia usiku. "Nimekusaidia, na wewe nisaidie." Furaha hapokei. Anaanza kupita njia ya nyuma ya maktaba ili wasikutane. Anayelala naye chumba kimoja anaona simu ikiita saa sita za usiku, anaona mwenzake hali vizuri. Anajigeuza upande wa ukuta na kulala. Weka harage la tatu.

Wiki ya saba, kijana anamtishia: "Ukinikataa, nitawaambia wafadhili wako una tabia mbaya, wakuondoe." Furaha anamtafuta mwanafunzi mkubwa wa taifa lake, mtu anayemwita kaka. Anamweleza yote. Kaka anavuta pumzi, anasema, "Vumilia, dada yangu. Usituharibie jina. Wakimbizi hapa tuko wachache." Weka harage la nne. Na hilo, ndugu msikilizaji, ni zito kuliko mengine, maana Furaha alikuwa ameshasema.

Wiki ya tisa kuna sherehe ya kuzaliwa ya mwanafunzi mmoja. Furaha anakunywa soda, lakini soda ile imechanganywa na kitu. Baada ya muda hawezi kusimama sawasawa. Kijana yule anamshika kiuno na kumtoa nje. Wanafunzi wanne waliosimama mlangoni wanawapisha. Harage la tano. Wanafika getini. Mlinzi anamwona msichana asiyeweza hata kuinua kichwa. Anafungua geti. Harage la sita.

Kisa chetu kinaishia hapo getini. Hesabu maharage yako. Ni sita.

Sasa niulize: kosa ni la nani? Kosa ni la kijana yule, peke yake. Si la Furaha, wala si la soda, wala si la nguo alizovaa. Maharage hayapimi kosa. Yanaonyesha mara ngapi jambo lile lingeweza kusimamishwa kabla halijafika getini. Na angalia tena: katika nafasi tano za kwanza hakuna hata moja iliyohitaji mtu mwenye misuli. Zilihitaji maneno machache tu.

Maneno yenyewe

Hayo maneno machache ndiyo waelimishaji rika wanayoyafanyia mazoezi. Wanasimama wawili wawili na kuigiza, mpaka maneno yatoke bila kutetemeka. Maana mtu akikutwa na jambo hajajiandaa, ulimi unakuwa mzito. Turudi kwenye harage moja moja.

Harage la kwanza, rafiki watatu waliocheka. Mmoja wao angesema, "Bwana, yule ni mtu, si mzigo wa kugawana. Amekuja kusoma." Basi. Huenda wangemcheka yeye. Lakini yule mwenye nia mbaya angejua kwamba kuna mtu anayeangalia. Hapa ndipo wanaume wanapohitajika, kwa kuwa maneno ya namna hiyo husemwa pale ambapo wanawake hawapo. Mwaka 1993, katika Chuo Kikuu cha Northeastern mjini Boston, Marekani, Jackson Katz na wenzake walianzisha mafunzo waliyoyaelekeza kwanza kwa wanafunzi wanamichezo. Waliwafundisha wanaume wasijione kuwa wabakaji watarajiwa, bali wajione kuwa mashahidi wenye uwezo wa kusema neno. Mchezaji mpira akisema, vijana wengine wanamsikiliza.

Harage la pili, kundi la WhatsApp. Usicheke, usisambaze. Hifadhi ushahidi, kisha andika, "Futeni hii. Haifai." Halafu mwandikie Furaha faraghani: "Nimeiona, na sikuipenda. Uko salama?" Kwake yeye, ujumbe huo mmoja unabadilisha hesabu. Hayuko tena mmoja dhidi ya 60.

Harage la tatu, mwenzake wa chumba. Asisubiri kuambiwa. Aulize kwa upole, wakiwa wawili tu: "Siku hizi naona hupokei simu, na unapita njia ya nyuma. Kuna mtu anakusumbua?" Akijibu hapana, usimbane. Sema, "Sawa. Ukitaka kuongea, mimi nipo." Wapo wanaosema mara ya tatu kuulizwa.

Harage la nne, yule kaka. Angesema, "Nakuamini. Si kosa lako. Nini ungependa tufanye?" Angejitolea kumsindikiza kwa mlezi wa wanafunzi, na kuwasiliana na wanaosimamia ufadhili kabla ya yule mtishiaji. Vitisho hupata nguvu gizani. Na kuhusu jina la jamii: jina letu halichafuliwi na anayesema alivyotendewa. Linachafuliwa na anayetenda, na sisi tunaomfichia.

Harage la tano, mlangoni. Hapa hatari imekaribia, na hapa waelimishaji rika hufundisha njia kadhaa. Unaweza kukatiza kwa hila: "Furaha, mama yako yuko kwenye simu, njoo upokee!" Unaweza kumshughulisha yule kijana: "Kaka, unaitwa ndani, haraka." Unaweza kusema wazi: "Huyu hawezi kutembea, haondoki na wewe. Sisi tutampeleka chumbani kwake." Na ukiogopa kuwa peke yako, ita watu watatu, msimame pamoja. Ikiwa mtu ana silaha au amepandwa na hasira, usijitupe. Piga simu kwa usalama wa chuo, mwite mkubwa aliye karibu, usimpoteze machoni. Furaha akishaokolewa, abaki na mtu wa kuaminika wa jinsia yake mpaka apate fahamu zake. Akizidi kulegea au akipumua kwa shida, mpelekeni hospitali.

Harage la sita, mlinzi. Waelimishaji rika wazuri hawaishii darasani. Wanaongea na walinzi, wauza chakula wa getini, na waendesha bodaboda wanaobeba wanafunzi usiku. Hao wanaona mengi kuliko mkuu wa chuo.

(Muziki mfupi.)

Je, inafaa kweli?

Najua kuna anayesema moyoni, "Maneno matupu hayamzuii mbakaji." Ni swali la haki. Ngoja nikupe yaliyopimwa.

Nchini Kanada, vyuo vikuu vitatu viliwapima wasichana 893 wa mwaka wa kwanza. Nusu walipata mafunzo ya vipindi vinne vya saa tatu tatu, yakiongozwa na wanawake vijana waliofundishwa kazi hiyo. Walijifunza kutambua dalili za hatari, kuamini hisia zao, na kujitetea, hata dhidi ya mtu wanayemfahamu. Nusu nyingine walipewa vijitabu tu. Baada ya mwaka mmoja, waliobakwa katika kundi la vijitabu walikuwa karibu 10 katika kila 100. Katika kundi la mafunzo walikuwa karibu 5. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015.

Katika jimbo la Kentucky, Marekani, shule za sekondari 26 zilihusishwa. Katika nusu ya shule hizo, wanafunzi wenye ushawishi kwa wenzao walichaguliwa na kufundishwa kuingilia kati. Ukatili ulipungua, lakini haukupungua kwa siku moja. Mabadiliko yalionekana zaidi mwaka wa tatu na wa nne. Mnaotaka kuanzisha kikundi, kumbukeni hilo. Msikate tamaa muhula wa kwanza.

Na karibu na sisi, katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, wavulana wa sekondari waliopata mafunzo ya namna hii walijitokeza zaidi kuzuia pale walipoona msichana anasumbuliwa, kuliko wavulana ambao hawakuyapata.

Tusiseme basi kwamba ni mambo ya Wazungu. Afrika Mashariki tuna kumbukumbu zetu, na zinauma. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kulikuwa na maandishi na michoro iliyobandikwa ukutani kwa jina la Punch. Waandishi wake walijificha, na waliwadhalilisha wanafunzi wa kike mbele ya chuo kizima. Mwaka 1990 mwanafunzi Levina Mukasa aliandamwa mpaka akajitoa uhai. Fikiria wangapi walipita mbele ya ukuta ule, wakasoma, wakaenda zao darasani. Baada ya kifo chake, wanawake wanahabari wa TAMWA walikuwa miongoni mwa waliopaza sauti. Nchini Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kiliweka sera dhidi ya unyanyasaji wa kingono mwaka 2006, lakini mwaka 2018 kililazimika kuunda kamati, chini ya Profesa Sylvia Tamale, kuchunguza kwa nini unyanyasaji ulikuwa unaendelea. Sera iliyofungiwa kabatini haimlindi mtu. Inahitaji watu wanaoijua, wanaoishi na wanafunzi.

Kama limeshatokea

Pamoja na juhudi zote, kuna siku mwenzako atakuja kwako akiwa ameshaumizwa. Sikiliza kwa makini sehemu hii, hata kama wewe si mwanafunzi.

Kwanza, mfanye awe salama. Pili, msikilize. Usimuulize, "Ulikwenda kufanya nini huko?" Usimuulize, "Kwa nini hukupiga kelele?" Miili mingi huganda kwa hofu. Mwambie, "Nakuamini. Si kosa lako." Tatu, mweleze habari za afya, kwa kuwa muda unakimbia.

Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI, zinazoitwa PEP, huanza kutumiwa ndani ya saa 72, yaani siku tatu. Zikianza mapema zaidi ni bora zaidi, na hunywewa kwa siku 28. Dawa za dharura za kuzuia mimba hufaa ndani ya saa 120, yaani siku tano. Kuna pia tiba ya magonjwa ya zinaa, na chanjo ya homa ya ini na pepopunda. Akiweza, asioge wala asifue nguo kabla ya kupimwa, na nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Lakini kama ameshaoga, aende. Kama saa 72 zimepita, bado aende. Na asisubiri kupata karatasi ya polisi ndipo aanze safari ya hospitali. Muda wa dawa haumngojei mtu.

Kwenda polisi au kutokwenda ni uamuzi wake mwenyewe akiwa mtu mzima. Mweleze njia zilizopo, umsindikize akitaka, usimchagulie. Akiwa mtoto, mambo ni tofauti. Mtu mzima analazimika kutafuta msaada wa wanaolinda watoto. Namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure Kenya, Tanzania na Uganda. Kenya kuna pia namba 1195 ya ukatili wa kijinsia. Kambini, muulize mhudumu wa afya wa jamii au ofisi ya ulinzi.

Nne, tunza siri. Jina la aliyeumizwa halipelekwi kwenye maombi ya kanisani, wala kwenye baraza la msikiti, wala kwa mke wako, wala kwa kiongozi wa kijiji, mpaka yeye mwenyewe aruhusu. Usimtafute mtuhumiwa umhoji. Usiitishe kikao cha kuwapatanisha, wala usipokee mbuzi au fedha za "kumaliza kifamilia". Waelimishaji rika wengi huharibu hapa kwa nia njema: wanataka kutatua. Wewe ni daraja tu. Mvushe mwenzako afike kwa wenye utaalamu.

Na wewe mwelimishaji, ni mtu pia. Habari hizi hulala na mtu kitandani. Zungumza na msimamizi wako, bila kutaja majina, kabla hujazidiwa.

Mwenye cheo akidai

Kuna ukatili ambao haufanyiki gizani. Unafanyika ofisini, mezani. Mhadhiri anasema alama ziko mikononi mwake. Tanzania, sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007 inataja rushwa ya ngono kuwa kosa, na TAKUKURU hupokea malalamiko yake. Kenya ina Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006, inayowagusa pia wanaotumia vyeo vyao. Kongo nayo ilifanyia marekebisho sheria zake za ukatili wa kingono mwaka huohuo wa 2006.

Waelimishaji rika hufundisha mambo rahisi: usiende ofisini peke yako baada ya saa za kazi, andika tarehe na maneno aliyosema, hifadhi jumbe, mwambie mtu mmoja siku hiyohiyo. Na tuseme na hili: mfanyakazi yeyote wa misaada anayedai ngono ili akupe chakula, ufadhili au nafasi ya kuhamishiwa nchi nyingine, anavunja miiko ya kazi yake. Misaada ni bure. Unayo haki ya kulalamika, na malalamiko yako hayatakiwi kukuondolea huduma.

(Muziki mfupi.)

Turudi nyumbani

Ndugu msikilizaji, waliotangulia walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Mama aliye Nyarugusu hawezi kusimama mlangoni pa sherehe iliyo mjini. Baba aliye Kakuma hawezi kumwambia mlinzi asifungue geti. Fimbo iliyo karibu ni yule mwanafunzi anayekaa kitanda cha jirani. Basi tumfundishe.

Mzazi, kabla mwanao hajapanda gari, mketishe. Usimpe vitisho peke yake. Mwambie, "Lolote likikupata, nipigie mimi kwanza, na sitakulaumu." Kisha mwambie wiki ya kwanza atafute majibu ya maswali manne: mlezi wa wanafunzi ni nani? Zahanati ya chuo iko wapi? Namba ya usalama ni ipi? Waelimishaji rika wako wapi? Mweleze binti, mweleze na kijana wa kiume. Na kijana wa kiume mwongezee moja: msichana anayesema hapana amemaliza maneno.

Kijana unayekwenda chuo, usiende kulindwa tu. Nenda ujiandikishe uwe mmoja wao. Kama chuo chako hakina kikundi, watafuteni mlezi wa wanafunzi na zahanati, mkianza hata watano. Wewe uliyekulia kambini unajua mengi: unajua kuishi na watu wa makabila na lugha tofauti, unajua kutambua mtu aliyebeba jambo zito bila kusema.

Na wewe ambaye hukupata chuo, shule ya kambini ina wanafunzi, kisima kina foleni, njia ya kuni ina wasichana. Maharage ni yaleyale.

  Kaa salama, na uwe salama kwa mwenzako.

(Muziki wa kufunga.)

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kisa cha Furaha, ni harage gani lingekuwa gumu kwako? Kwa nini?
2. Igizeni wawili wawili maneno ya mwenzake wa chumba. Aliyeulizwa aseme alijisikiaje.
3. "Usituharibie jina." Je, maneno haya husemwa katika jamii yetu? Yanamsaidia nani?
4. Mtu akiumizwa usiku huu hapa kambini, atakwenda wapi? Nani anayejua njia? Kama hakuna anayejua, kikundi kimtume nani akaulize kesho?